Ahadi Iwe Ndogo, Itimizwe: Bei na Uendeshaji wa Mkataba wa Huduma za Kompyuta kwa Kazi ya Ziada

Mada iliyotolewa mbele ya mafundi wa kompyuta na viongozi wa ofisi ndogo za wilaya. Inachapishwa kwa faida ya wananchi ambao hawakuhudhuria.



Kompyuta haipatikani tena makao makuu ya wilaya peke yake. SACCOS yenye watumishi wachache hutunza hesabu za wanachama katika kompyuta. Shule binafsi huandaa ripoti za wanafunzi kwa kompyuta. Duka la dawa huhesabu dawa zake kwa programu. Ofisi hizi zinahitaji fundi, lakini hazina kazi ya kumtosha fundi mmoja mwezi mzima, wala uwezo wa kumlipa mshahara kamili. Kwa upande wa pili wapo vijana waliosomea kompyuta, walioajiriwa mahali pengine, ambao jioni na Jumamosi zao ziko wazi. Pande hizi mbili zikikutana, huzaliwa mkataba mdogo wa huduma unaoendeshwa nje ya saa za ajira.

Mkataba wa namna hii unapovunjika, mara nyingi ufundi hauna kosa. Fundi alijua kazi yake, na mteja alikuwa na nia ya kulipa. Kilichokosekana ni hesabu. Fundi alitaja bei ndogo ili apate kazi, akaahidi kupatikana wakati wote, kisha akagundua kuwa muda aliouahidi hakuwa nao. Mteja naye akabaki na kompyuta zilizokwama siku ya kufunga mahesabu, simu ya fundi ikiita bila kupokelewa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mada hii inahusu namna ya kupima deni hilo kabla ya kulikopa.

Kinachouzwa

Fundi anayeitwa kurekebisha printa mara moja huuza matengenezo. Akimaliza, hulipwa, na hapo uhusiano umekwisha. Fundi mwenye mkataba wa mwezi huuza kitu kingine: huuza uhakika. Mteja hulipa hata katika mwezi ambao hakuna kilichoharibika, kwa sababu ananunua haki ya kusikilizwa kwanza na kazi ya kuzuia hitilafu zisitokee.

Jambo hili lisipoelezwa mapema, mwezi wa tatu mweka hazina atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza: "Mbona tunakulipa na hujatengeneza kitu?" Jibu linapaswa kuwa katika maandishi. Mwezi huu nakala za hesabu zilihifadhiwa mara nne na moja ikajaribiwa. Programu ya kuzuia virusi ilisasishwa katika kompyuta zote. Betri iliyoanza kuchoka ilibainishwa kabla haijazima. Kinga ni bora kuliko tiba, lakini kinga haionekani kwa macho. Fundi asipoiandika, mteja hataamini kuwa ilikuwapo.

Saa zihesabiwe kabla ya shilingi

Mafundi wengi huanza na swali la bei. Swali la kwanza linapaswa kuwa la muda, kwa kuwa mshika mbili moja humponyoka, na mwenye ajira tayari ameshika moja.

Chukueni mfano wa fundi aliyeajiriwa, mwenye jioni tatu za saa mbili mbili kila wiki na saa nne za Jumamosi. Hizo ni saa 10 kwa wiki, au takribani saa 40 kwa mwezi. Je, anaweza kuziuza zote? Hawezi. Atasafiri kwenda kwa mteja, atatafuta vipuri, ataandika ankara na kufuatilia malipo, na atahitaji kujisomea, maana mambo ya kompyuta hayasimami. Kazi hizo zisizolipiwa moja kwa moja zikadiriwe kuwa saa 12. Saa nyingine 8 ziwekwe akiba kwa dharura, kwa ugonjwa na kwa siku ambayo mwajiri atamhitaji abaki kazini. Zinazobaki ni saa 20. Hizo ndizo anazoweza kuziahidi kwa dhamiri safi.

Sasa itazamwe SACCOS yenye kompyuta sita, printa mbili na ruta moja. Ziara mbili kwa mwezi za saa tatu kila moja ni saa 6. Msaada wa simu na maswali madogo uhesabiwe saa 2, na hitilafu za ghafla saa 2. Jumla ni saa 10. Kwa hiyo fundi huyu anaweza kuhudumia wateja wawili wa ukubwa huo. Wa tatu akija, fundi ana njia mbili za haki: kumkatalia kwa upole, au kumtafuta mwenzake washirikiane. Kumkubali na kutumaini kuwa mambo yatakwenda ni kuuza saa ambazo tayari ni mali ya wateja wawili wa kwanza.

Hesabu ya bei

Saa zikishajulikana, bei hupatikana kwa hesabu ya kawaida. Tarakimu zifuatazo ni za mfano. Kila fundi aweke zake.

Fundi wa mfano wetu hulipwa shilingi 585,000 kwa mwezi katika ajira yake, kwa saa 45 za kazi kwa wiki. Hizo ni takribani saa 195 kwa mwezi, hivyo saa moja ina thamani ya shilingi 3,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaelekeza kuwa saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa ya kawaida. Sheria hiyo inamhusu mwajiri na mwajiriwa, haimfungi mteja wa fundi. Lakini inatoa kipimo kizuri. Saa ya jioni ya mtu aliyekwisha kufanya kazi kutwa ithaminiwe kwa shilingi 4,500.

Fundi atafanya kazi saa 32: saa 20 alizouza na saa 12 zisizolipiwa. Nguvu yake basi ni shilingi 144,000. Ziongezwe gharama za mwezi: nauli 24,000; simu na bando 20,000; kuchakaa kwa zana 20,000, ikiwa zana za shilingi 720,000 zitadumu miezi 36; na 16,000 za kuchangia leseni na ada nyingine za mwaka. Jumla ya gharama ni shilingi 80,000. Mwisho ziwekwe 36,000 kwa ajili ya kodi na hasara zisizotarajiwa. Jumla kuu ni shilingi 260,000. Zikigawanywa kwa saa 20 zinazouzwa, kila saa ni shilingi 13,000, na mkataba wa saa 10 ni shilingi 130,000 kwa mwezi.

Linganisheni na fundi anayekisia. Huyu husema saa yangu ni 4,500, kazi ni saa 10, basi nitatoza 45,000. Wateja wawili watamletea 90,000. Akitoa gharama zile zile za 80,000 atabaki na shilingi 10,000 kwa saa 32 za kazi, yaani chini ya shilingi 320 kwa saa. Mtu huyu hatamdanganya mteja kwa makusudi, lakini mwezi wa nne utamkuta akiruka ziara ya pili, na mwezi wa sita hatapokea simu. Aliyefurahia bei ya 45,000 ndiye atakayegharamika zaidi, kwa maana rahisi ghali.

Kwa mteja, swali linabaki: je, 130,000 ni nyingi? Jibu litoke katika hesabu zake mwenyewe. Ofisi yenye watumishi sita, kila mmoja akilipwa wastani wa shilingi 20,000 kwa siku, hupoteza mishahara ya shilingi 120,000 kila siku moja ambayo kompyuta zote zimekwama, kabla ya kuhesabu wanachama waliorudi nyumbani bila kuhudumiwa. Ikiwa ofisi hukwama siku moja kwa mwaka, mkataba huu ni mkubwa mno kwake. Afadhali imwite fundi inapomhitaji na kumlipa kwa saa. Ikiwa hukwama kila mwezi, mkataba ni nafuu. Fundi mwaminifu humsaidia mteja kufanya hesabu hii, hata pale ambapo jibu lake litamkosesha kazi.

Undugu na bei

Katika wilaya watu hufahamiana. Mwenyekiti wa chama ni mjomba wa fundi, na mkuu wa shule alimfundisha darasa la tano. Mzee anapopiga simu na kusema, "Mwanangu, hebu pita mara moja unitazamie hii mashine," hakuna kijana mwenye adabu atakayeanza kwa kutaja bei. Atasema shikamoo, na atapita.

Heshima hiyo ni hazina, na mkataba haukuja kuiharibu. Kinachotakiwa ni kuitenga na hesabu. Fundi akitaka kumpunguzia mwalimu wake, aandike bei kamili katika ankara, kisha aandike punguzo mstari unaofuata. Hivyo mwalimu ataujua ukubwa wa hisani aliyotendewa, na atakayeshika ofisi baada yake hatadhani kuwa hiyo ndiyo bei ya kazi. Vilevile msaada wa bure uwe na mpaka. Kompyuta ya nyumbani ya mhasibu si sehemu ya mkataba wa SACCOS. Ikitengenezwa, ihesabiwe kama kazi ya mhasibu mwenyewe.

Yaliyomo katika mkataba

Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano huwa mkataba yanapofanywa kwa hiari ya wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Hati haihitaji kuwa ndefu. Kurasa mbili zinatosha, mradi zijibu maswali yafuatayo.

Kwanza, vifaa gani vinahusika? Viorodheshwe kwa aina na namba zake. Kompyuta itakayonunuliwa baadaye iongezwe kwa maandishi, na bei itazamwe upya.

Pili, kazi gani zimo na zipi hazimo? Kusasisha programu, kuhifadhi nakala, kusafisha vifaa na kuelekeza watumishi kwa kawaida humo. Vipuri, wino wa printa, kutandaza nyaya mpya na kufundisha programu mpya kwa kawaida hazimo, na hulipiwa kando.

Tatu, fundi atajibu kwa muda gani? Hapa ndipo mwenye ajira anapojifunga bila kujua. Kujibu na kumaliza tatizo ni mambo mawili. Fundi anaweza kuahidi kujibu ujumbe ndani ya saa mbili, kwa sababu anaweza kuandika maneno machache wakati wa chakula cha mchana. Hawezi kuahidi kufika saa 4 asubuhi siku ya Jumanne, kwa kuwa saa hiyo ni ya mwajiri wake. Aandike wazi: atafika jioni ya siku hiyo hiyo au kesho yake, na kwa dharura ya mchana, atamtuma mwenzake ambaye jina lake limetajwa katika mkataba. Ahadi za asilimia nazo ziepukwe. Asilimia 99 husikika vizuri, lakini katika mwezi wa siku 30 inaruhusu mtandao kukatika zaidi ya saa 7, na zote zinaweza kuangukia siku ya mkutano mkuu. Tena umeme na mtandao vina wenyewe. Fundi asidhamini asichokimiliki.

Nne, malipo yatafanyika lini na kwa njia gani? Malipo ya mwanzo wa mwezi ni bora kwa mikataba midogo, kwani fundi mmoja hana mtaji wa kusubiri siku 60. Itajwe pia bei ya saa zinazozidi zile 10, ili mwezi mgumu usizae ugomvi.

Tano, mkataba utakwishaje? Miezi mitatu ya majaribio, kisha mwaka mmoja, na notisi ya siku 30 kwa kila upande, ni utaratibu unaowatosha wengi.

Uendeshaji wa kila mwezi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na huduma nayo ni mali. Fundi awe na daftari au jedwali lenye tarehe, tatizo, alichofanya na muda uliotumika. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litaonyesha kama saa 10 zilikuwa makadirio sahihi. Zikiwa 15, bei irekebishwe mkataba unapohuishwa, huku daftari likiwa mezani. Mteja muungwana hubishana na madai. Huwa vigumu kubishana na tarehe.

Jambo la pili ni nakala za kumbukumbu. Kanuni inayokubalika na mafundi ni rahisi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Flashi iliyochomekwa daima kwenye kompyuta ya mhasibu haitoshi, kwa kuwa kirusi, mwizi au radi vitachukua vyote viwili pamoja. Nakala isiyojaribiwa nayo isitegemewe. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, fundi arejeshe faili chache kutoka katika nakala mbele ya mtumishi wa ofisi, kisha wote wawili watie saini.

La tatu ni maneno ya siri. Hayo ni mali ya ofisi. Yaandikwe, yafungwe katika bahasha, yatunzwe katika kasha la fedha la ofisi, na yabadilishwe kila mtumishi mwenye kuyajua anapoondoka. Fundi anayeyatunza kichwani mwake peke yake ameifanya ofisi mateka, hata kama hakukusudia hivyo.

La nne ni umri wa vifaa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye mfumo huo bado huwaka na kufanya kazi, lakini isipowekewa utaratibu maalumu haipokei tena marekebisho ya usalama. Fundi mwenye mkataba anapaswa kuuarifu uongozi kwa maandishi ni kompyuta zipi ziko katika hali hiyo, zipi zinaweza kupandishwa na zipi zitahitaji kubadilishwa, ili fedha zitengwe katika bajeti badala ya kutafutwa siku ya msiba.

Mwajiri, kodi na siri za watu

Fundi aliyeajiriwa asome mkataba wake wa ajira kwanza, kisha aombe ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Zana za mwajiri, bando la mwajiri na saa za mwajiri zisitumike katika kazi ya ziada. Mtumishi wa umma awe mwangalifu zaidi: asikubali mkataba kutoka kwa taasisi ambayo yeye au idara yake huikagua au huipa kibali. Taasisi za umma zenyewe hufanya ununuzi wao kupitia mfumo wa NeST, hivyo makubaliano ya mdomo kati ya fundi na mkuu wa taasisi ya umma hayana nafasi.

Fundi awe na namba ya utambulisho wa mlipakodi, na leseni ya biashara iombwe halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Ada ya huduma ya kitaalamu inayolipwa na taasisi kwa mkazi wa nchini hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Katika ankara ya shilingi 130,000, mteja atazuia 6,500 na kuziwasilisha TRA, na fundi atapokea 123,500. Hati ya zuio hilo itunzwe vizuri, kwa sababu ndiyo ushahidi kwamba sehemu hiyo ya kodi imekwisha kulipwa. Kwa mambo mengine ya kodi, fundi afike ofisi ya TRA kabla ya kuanza kazi, asingoje barua.

Liko jukumu zito zaidi. Fundi anapofungua kompyuta ya SACCOS huona nani anadaiwa. Anapofungua ya zahanati huona nani anaumwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazilinda taarifa hizo, na taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti. Mkataba uwe na kifungu cha siri. Fundi asinakili faili za mteja katika kompyuta yake binafsi bila kibali, na akinakili kwa ajili ya matengenezo, azifute mbele ya mteja. Kompyuta ikipelekwa nje ya ofisi, hati ya makabidhiano isainiwe. Katika mji mdogo, neno moja lililotoka zahanati hufika sokoni kabla ya jua kuzama, na halirudi.

Kuagana kwa heshima

Siku itafika ambapo fundi atahamishwa, ataoa au kuolewa mbali, au kazi itakua na kuhitaji mtu wa kudumu. Mkataba mzuri huonekana siku hiyo. Fundi hukabidhi orodha ya vifaa, maneno ya siri, mahali nakala zilipo na daftari la mwaka mzima. Naye anayemfuata huanza kazi kesho yake bila kubahatisha. Mafundi wawili au watatu wa eneo moja wakipatana tangu mwanzo kushikiana zamu, makabidhiano huwa mepesi zaidi, na hata homa ya siku tatu haiwi janga kwa mteja.

Ndugu washiriki, ofisi ndogo inayotunza akiba za wakulima au kumbukumbu za wagonjwa haihitaji fundi wa maajabu. Inahitaji fundi anayefika Jumamosi aliyosema atafika, kwa bei itakayomwezesha kufika Jumamosi nyingine hamsini zijazo. Viongozi wanaoajiri wasivutwe na bei ya chini kuliko zote kabla ya kumwuliza mwenye bei hiyo ana saa ngapi kwa wiki na ana wateja wangapi. Nao mafundi, kabla ya kutaja bei yoyote, wachukue karatasi na waandike kwanza saa walizonazo.